Waini nyekundu ya Dodoma na misosi yetu: shajara ya mradi, Julai hadi Novemba

Tarehe 5 Julai

Naanza kuandika leo maana nikitegemea kichwa nitasahau nusu. Dada yangu ana mgahawa hapa Kisasa, Dodoma, huu mwaka wa nne, na mimi niko naye jikoni na kwenye manunuzi. Tangu serikali ihamie huku wateja wetu wengi ni watu waliotoka Dar, Mwanza, Arusha, na wageni wa nje pia wapo, na swali lao halibadiliki, yaani mtu akishakaa tu anasema zabibu si ndo huku, sasa waini ya hapa mnayo? Tunayo. Chupa ziko kwenye shelfu nyuma ya kaunta, tamu na kavu. Ila akiendelea kuuliza inaenda na chakula gani, hapo kila mtu anaangalia pembeni, na mteja anaishia kuagiza bia au soda. Hilo linaniuma kweli. Mimi nimezaliwa hapa, nimekua naona zabibu zinauzwa barabarani kila msimu, halafu mgeni ananiuliza kitu cha kwetu nakosa jibu.

Kwa hiyo mradi ni huu: mpaka mwisho wa Novemba nataka menyu ya dada iwe na ukurasa mmoja wa waini nyekundu ya Dodoma na vyakula vinavyoendana nayo, vyakula vilivyojaribiwa mdomoni na sio vya kukisia. Chakula lazima kiwe tunachopika sisi au kinachopatikana mitaani hapa mjini, mambo ya jibini za Ulaya na nyama za ng'ombe wa kuagiza hapana, atakayevitaka atavipata kwingine.

Tunatumia waini mbili tu muda wote, moja kavu na moja tamu, zote za zabibu za hapahapa. Ile kavu ni ya zabibu inayoitwa Makutupora, jina la eneo lililoko kaskazini ya mji ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu, sa hivi kiko chini ya TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo. Kilevi asilimia 12. Waonjaji wanne: mimi, dada, shemeji, na jirani yetu mmoja mwalimu mstaafu. Kila mtu anaandika kwanza kwenye karatasi yake ndipo tunaongea, maana shemeji ana sauti kubwa na akishasema kitu wengine mnajikuta mnakubali.

Tarehe 12 Julai, Jumamosi

Tumeanza na mbuzi, na kwa mbuzi hapa Dodoma huwezi kuanzia kwingine, tumeenda mnadani Msalato. Ukifika saa saba mchana moshi wake unauona kabla ya kuona watu. Tumechukua mguu na mbavu, chumvi tu, ndimu na pilipili pembeni, tukarudi nazo nyumbani kwenye foili zikiwa bado za moto.

Kabla ya kula nimeimwaga waini kwenye glasi nikaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza maishani, huwa nainywa tu. Nyekundu iliyokolea, pembeni kwenye ukingo inaelekea rangi ya zambarau, na harufu yake pia ni zambarau, namaanisha yale matunda, yale tuliyokuwa tunaokota shuleni mpaka ulimi unabadilika rangi, na kwa mbali kama ukwaju. Ukiipiga funda kwanza unakutana na uchachu pembeni ya ulimi, halafu ndo unakuja ukakasi. Ukakasi kila Mswahili anaujua, ni kama umeng'ata bibo au ndizi mbichi, mdomo unakauka na ulimi unakuwa mzito. Nadhani hapo ndipo watu wengi wanapoikimbia, wanasema chungu, wakati sio uchungu, ni ukakasi, ni vitu viwili tofauti.

Sasa kata kipande cha ubavu chenye mafuta, tafuna, halafu ndo unywe. Ukakasi umepungua! Upo lakini umelainika, na yale mafuta yaliyokuwa yameganda juu ya kinywa yameondoka. Dada kaweka glasi chini akaniangalia bila kusema kitu, kachukua kipande kingine, kanywa tena. Mwalimu ndiye aliyetueleza: ule ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na unapenda kushikana na protini, ukinywa kavukavu unashika mate yako ndo maana mdomo unakauka, ukinywa na nyama unapata pa kushika pengine. Chumvi nayo inasaidia.

Alama (juu kabisa ni 5): 5, 5, 4, 5. Shemeji ndo katoa 4, na baadaye tukagundua kwa nini, alikuwa amekamulia ndimu nyama yake yote. Tukajaribu pembeni kwa pembeni, kipande chenye ndimu na kisicho na ndimu. Chenye ndimu kinaifanya waini ikose ladha, inakuwa kama maji yenye rangi. Maana ukifikiria, ndimu tunaiweka ili ikate mafuta, na waini imekuja na uchachu wake kufanya kazi hiyohiyo, ukiziweka zote mbili moja inakosa kazi. Nimeandika kwa herufi kubwa: MBUZI, CHUMVI, BILA NDIMU.

Tarehe 19 Julai

Pilau ya ng'ombe na kachumbari. Hii tulipanga kwa uangalifu kwa sababu wateja wetu wengi ni Waislamu na dada ana msimamo ambao nauheshimu sana, waini haiingii kwenye sufuria yoyote ya mgahawa na glasi zake zinaoshwa na kuwekwa kivyake. Kwa hiyo hatupiki *kwa* waini, tunakula *pamoja* nayo basi, na asiyekunywa ana uhakika na sahani yake.

Pilau na kavu zimeelewana kuliko nilivyotegemea. Bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, pilipili manga, zile harufu zinaitoa waini ubichi wake, inanukia zaidi. Kachumbari ndo ikaleta shida, vitunguu vibichi na ndimu vinaiua kabisa. Suluhisho la dada: kachumbari ije kwenye kibakuli chake, na vitunguu vioshwe kwa chumvi kwanza. Alama 4 wote.

Tarehe 26 Julai

Nitaandika haraka maana nimechoka. Maharage ya nazi: hapana. Tui lina utamu wake na waini kavu ikikutana na utamu inakuwa chachu mno, kama siki. Alama 2, 1, 2, 2. Ngogwe za kuchemsha na karanga: hapana, uchungu wa ngogwe na ukakasi wa waini vinapandishana. Perege wa Mtera wa kukaanga: shemeji alisema anasikia chuma, na kweli, ukimeza unabaki na ladha kama umelamba msumari. Wenye waini nyeupe wamchukue yule perege, sisi hatumuwezi.

Tarehe 9 Agosti

Leo nilikuwa Hombolo shambani na nataka niandike kila kitu, hata kama itakuwa ndefu, maana nimejifunza vitu ambavyo mtu wa Dodoma kama mimi nilipaswa kuvijua tangu utotoni.

Mwalimu ana mzee anayemfahamu, ana ekari moja na nusu ya mizabibu. Tumefika asubuhi, nikamwamkia mbukwenyi maana ni Mgogo na mimi bibi yangu mzaa mama alikuwa wa huko, akafurahi, tukapewa viti chini ya mti kwanza, shamba baadaye. Anasema mizabibu huku ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1950, walikuwa wanataka divai ya misa, na baba yake alipata vipando kutoka kwa jirani aliyekuwa anafanya kazi misheni. Halafu zikaja enzi za DOWICO, kampuni ya umma iliyokuwa inatengeneza mvinyo hapa Dodoma, yeye akiwa kijana alikuwa anapeleka zabibu kwa mkokoteni wa punda.

Nikamuuliza kitu ambacho wageni wananiuliza sana, inakuwaje sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya wanavuna mara moja? Akanipeleka kwenye mzabibu mmoja akashika tawi. Ulaya kuna baridi kali, mti unapukutisha majani unalala mpaka joto lirudi. Hapa hakuna wa kuulaza, ukiuacha unaendelea tu, kwa hiyo anayeupangia ratiba ni mkulima na mkasi wake. Ukikata matawi leo, unaanza kuhesabu, kama miezi minne na kitu hivi unavuna. Kwa hiyo wanavuna Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. "Lakini mwanangu," akasema, "mavuno haya mawili sio ndugu." Ya Februari yanaivia kwenye mvua, ukungu unashambulia mashada, unapiga dawa huku unaomba Mungu, na juisi inakuwa na maji mengi. Haya ya Agosti yanaivia kwenye kiangazi, jua mchana, usiku baridi na upepo, tunda dogo, ganda gumu, sukari juu.

Nikaonja. Ganda la Makutupora ni gumu kweli, linapasuka kwanza ndo utamu unakuja, halafu ukitafuna ganda lenyewe na mbegu unaupata ule ukakasi, uleule wa kwenye glasi! Nilisimama pale katikati ya mistari nikitafuna maganda kama mbuzi na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Vidole vikabaki na rangi mpaka jioni.

Jirani yake ni msindikaji mdogo, ana banda na matangi ya plastiki na mawili ya chuma cha pua. Ana kifaa kidogo cha kupima sukari unachokishika kama darubini, unadondosha tone moja la juisi kwenye kioo unatazama kwenye mwanga unaona mstari umesimama wapi. Mstari ulikuwa kwenye 21. Akasema hiyo ikichacha yote mpaka sukari iishe unapata kilevi cha asilimia 12 hivi, ndo ile namba ya kwenye chupa yetu. Kwa nyekundu wanaponda zabibu wanaziacha na maganda yake humohumo, ukichuja mapema rangi hupati. Maganda yanapanda juu yanatengeneza kama mfuniko mnene, na mara tatu kwa siku kijana anayasukuma chini na mwiko mrefu wa mbao. Tangi likiwa linachacha ukiweka sikio unasikia linachemka na halina moto. Siku nane mpaka kumi, ndipo wanakamua. Anachouza yeye wanakiita mchuzi, mchuzi wa zabibu, anawauzia wenye viwanda kwa lita wao wanamalizia na kupaki.

Hapo kwenye kuuza ndipo uso wa mzee ulipobadilika. Msimu mmoja alivuna akaambiwa subiri gari linakuja, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Zabibu hazisubiri, sio mahindi hizi. Zilianza kunyong'onyea kwenye kreti, nyuki wakajaa, akaishia kuuza kwa bei ya hasara kwa watu wa sokoni na nyingine akamwagia ng'ombe. Hakumtaja mtu na mimi sikuuliza. Ila nilivyorudi mjini na kuona zile chupa zetu zimekaa kwenye shelfu na vumbi, niliona aibu, nikachukua kitambaa nikazifuta moja moja.

Tarehe 23 Agosti

Mishkaki. Hapa ndo tumeipata kazi ya ile waini tamu, na nakiri nilikuwa naidharau kidogo. Mishkaki yetu inalala kwenye kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbuzi usiku kucha. Ukiila na kavu, pilipili inawaka mara mbili, kilevi kinaichochea na ukakasi unaukwangua ulimi uliokwisha kuungua, jirani yetu alitoka jasho kabisa. Ukiila na tamu iliyotoka kwenye friji, utamu unauzima moto na nyama inarudi kuwa nyama. Alama kavu 2, tamu 5. Nimeandika: PILIPILI NYINGI, WAINI TAMU, YA BARIDI.

Tarehe 6 Septemba

Kuku wa kienyeji, jogoo mgumu, dada kamchemsha saa mbili nzima halafu akamuunga kwa nyanya na karoti, mafuta kidogo. Kavu, alama 5, 4, 5, 5. Nyanya iliyopikwa sana ina uchachu wake wa upole, zimefuatana vizuri na waini. Tulijaribu na kuku wa kisasa wa kukaanga siku hiyohiyo, 3 tu, nyama yake haina la kusema, waini inaifunika.

Kitimoto tumeonja kwa jirani mwenye kijiwe chake, kwetu haipikwi. Rosti ya kukaanga na ndizi za kuchoma, mafuta yanatiririka. Na ile kavu, jamani. Huo uchachu unakata mafuta mpaka unajisikia huruma kwa wanaokula na soda. Haitaingia kwenye menyu ya dada lakini mwenye kijiwe ameshaniomba nimwandikie karatasi yake.

Tarehe 13 Septemba

Hii nimeiahirisha kwa sababu nilikuwa naiogopa. Ugali wa uwele na mlenda. Ndo chakula cha huku, ndo alichokula bibi yangu maisha yake yote, na nilitamani sana, sana, zabibu ya Dodoma na mlenda wa Dodoma viongee lugha moja. Nilipika mwenyewe, mlenda wa kukausha, magadi kidogo, karanga za kutwanga.

Haikwenda. Mlenda unautandika ulimi wote, waini inapita juu haigusi kitu, halafu magadi yanaifanya iwe na ladha ya ajabu kama sabuni. Nimejaribu na tamu, nimejaribu kupunguza magadi, nimejaribu kunywa kabla badala ya baada. Alama 1 zote nne na yangu nimeiandika kwa uzito. Nikampigia mzee wa Hombolo kumweleza, akacheka kwa upole, akasema mwanangu mlenda unataka maji ya mtungini, mbona hata sisi wenye zabibu hatujawahi kunywa hivyo? Ila ugali wa uwele wenyewe, na mbuzi badala ya mlenda, umetoa 5. Ule ukavu na harufu yake kama ya kukaangwa unaisaidia waini. Kwa hiyo mbuzi kwenye menyu atakuja na ugali wa uwele, na hapo bibi yangu yumo.

Tarehe 11 Oktoba

Leo nimevurugwa. Tulikuwa tunarudia vyakula vilivyopata 5 ili tuhakikishe. Mbuzi yuleyule wa Msalato, chumvi, bila ndimu, waini ileile. Na haikuwa nzuri. Kali, kilevi kinapanda puani, zambarau yote imepotea, ukakasi mkavu kama chaki. Alama 2, 3, 2, 2. Tukafungua chupa nyingine, hivyohivyo. Shemeji akasema labda Julai tulikuwa tumefurahi tu na safari ya mnadani. Nimekaa mpaka saa tano usiku nasoma daftari, miezi mitatu ya kazi, nikijiuliza kama nimekuwa najidanganya.

Tarehe 14 Oktoba

Nimejua!

Jana mchana nilikuwa nakaanga maandazi, nikachukua kipimajoto cha jikoni kupima mafuta, baadaye nikakifuta na nikakitumbukiza kwenye ile chupa iliyobaki kwenye shelfu, bila sababu maalumu. Nyuzi 31. Thelathini na moja! Shelfu iko nyuma ya kaunta, ukuta wake ni wa jikoni, na Oktoba hii ya Dodoma mnaijua, jua la utosi na bati juu. Nikaenda kutafuta kwenye daftari, Julai 12 sikupima lakini nimeandika "tumevaa masweta", jioni ya Julai humu ndani haivuki nyuzi 20 na zaidi kidogo. Yaani waini ni ileile, mbuzi ni yuleyule, kilichobadilika ni joto.

Nikachukua chupa mbili zinazofanana. Moja nikaiacha kwenye shelfu, nyingine nikaiweka friji nikawa naipima kila baada ya dakika kumi. Kutoka 31 mpaka 17 imechukua saa moja na dakika kumi na tano. Halafu nikaita watu, sikuwaambia glasi gani ni ipi, mbuzi wa kukaanga wa jana wa kupasha tu. Glasi ya friji: 5, 4, 5, 5. Glasi ya shelfu: 2, 2, 1, 2. Mwalimu hakuamini kwamba ni waini moja, ikabidi nimwoneshe chupa.

Nimekaa na hili jambo siku nzima. Ni watu wangapi wameonja nyekundu ya Dodoma ikiwa nyuzi 30, kwenye harusi, kwenye baa, imetoka kwenye kreti iliyokaa nje, wakasema waini ya kwetu kali, wakarudi kwenye za kutoka nje? Mtu kasoma mahali kwamba waini nyekundu inanywewa bila kuwekwa kwenye friji, na ni kweli kwa waliosema hivyo, chumba cha kwao kina nyuzi 17 au 18, cha kwetu Oktoba kina 31. Yule mzee kakata mizabibu, kapiga dawa, kasubiri kiangazi, kijana kasukuma maganda mara tatu kwa siku, halafu kazi yote inaharibikia kwenye shelfu letu. Dada kanisikiliza mpaka mwisho, akatoka bila kusema, amerudi na fundi wa kuhamisha shelfu.

Tarehe 18 Oktoba

Majaribio ya kupoza. Saa moja na robo kwenye friji ni ndefu kwa mteja aliyekaa mezani. Ndoo yenye barafu tupu: dakika 25, barafu inagusa chupa sehemu chache tu. Ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu mpaka shingoni: dakika 12. Hiyo ndo yenyewe. Na ukipitiliza mpaka 8 au 9 napo unaharibu, harufu inajificha na ukakasi unatokeza kama misumari, kwa hiyo kavu isilale kwenye friji moja na soda. Tamu tu ndo inayokaa humo.

Chupa iliyofunguliwa nayo tumeipima. Kwenye kaunta, siku ya pili imeshachoka, ya tatu inaelekea siki. Ndani ya friji na kizibo, siku tatu iko vizuri, ya nne hapana. Kwa glasi ya mililita 150 chupa moja inatoa glasi tano, kwa hiyo dada akiuza glasi mbili kwa siku hapotezi kitu.

Tarehe 8 Novemba

Nimerudia vyakula vyote vilivyofaulu, waini kwenye nyuzi 16 mpaka 18, na vimesimama vyote. Pilau imepanda kutoka 4 mpaka 5. Nikajaribu tena perege kwa sababu nilisema labda naye alionewa na joto, hapana, chuma kiko palepale.

Nimeongeza ndizi nyama, nyama ya ng'ombe yenye mfupa na ndizi mshale, bila nazi, alama 4. Na maini ya kukaanga, nilikuwa nayategemea sana, 2 tu, yanaleta chuma kama samaki.

Tarehe 22 Novemba

Ukurasa umechapwa. Kavu inakuja na mbuzi na ugali wa uwele, pilau ya ng'ombe, kuku wa kienyeji, ndizi nyama. Tamu na mishkaki ya pilipili. Chini dada kaandika kwa mkono wake, kabla haijapelekwa kuchapwa, "huhudumiwa ikiwa imepozwa kidogo", na pale juu tumeweka neno Makutupora kwa herufi kubwa na jina la mkoa.

Mezani leo wamekaa baba mmoja na mkewe, wametoka Mwanza kikazi. Mama kauliza lile swali. Mhudumu wetu, binti wa miaka 23 ambaye nimemfundisha wiki mbili, akajibu bila kuniangalia, "ipo mama, ukichukua mbuzi nakushauri kavu, naomba dakika kumi na mbili niipoze, na ndimu nisikuletee kwanza, uonje." Mama akasema haya mwanangu, lete. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni nimeshika mwiko. Wamemaliza chupa, na ndimu hawakuiomba.

Kesho nampigia mzee nimwambie tunahitaji kujua zabibu zake za Agosti zimeenda kwa nani, ili chupa zake tuzitafute.